Kaizari Aliyenyamazishwa Mara Mbili

Watawala wengi tunaowasoma katika vitabu vya historia wanakumbukwa kwa hotuba zao. Leo nataka kumzungumzia mmoja ambaye hakutoa hotuba hata moja tangu siku aliyorithi kiti hadi siku aliyokata roho. Huyu ni Kaizari Friedrich wa Tatu wa Ujerumani, aliyetawala kwa siku 99 tu mwaka wa 1888, koo lake likiwa limetobolewa na kutiwa mrija ili apate kupumua. Wanahistoria humtaja kwa sababu ya siasa, na madaktari humtaja kwa sababu ya ugonjwa wake. Mimi ni mwanaisimu, nami namtaja kwa sababu ya tatu: maisha yake yanatufunza sauti ni nini na si nini. Naamini somo hilo linawahusu walimu kuliko watu wengine wote, kwani mwalimu hula kwa koo lake.

Friedrich alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1831 mjini Potsdam, karibu na Berlin, katika ukoo uliotawala Prussia. Wana wa kifalme wa ukoo huo walilelewa kambini wakapewa upanga kabla ya kalamu. Yeye alipewa vyote viwili, kwani alipelekwa pia katika Chuo Kikuu cha Bonn kusoma sheria na historia, jambo ambalo halikuwa desturi. Mwaka wa 1858 alimwoa Victoria, binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza, na harusi ikafanyika London. Mke huyo alikuwa na akili pevu na msimamo usioyumba. Pamoja waliamini kwamba mfalme anapaswa kutawala kwa kufuata katiba, kwamba bunge lina haki ya kusikizwa, na kwamba magazeti hayafai kuzibwa kinywa.

Imani hiyo ndiyo iliyomletea unyamavu wa kwanza. Mapema Juni 1863 baba yake, Mfalme Wilhelm, kwa ushauri wa waziri wake mkuu, Otto von Bismarck, alitoa amri ya kuyabana magazeti. Siku chache baadaye Friedrich alisimama mjini Danzig akasema hadharani kwamba hakuhusika katika uamuzi ule. Maneno yake yalikuwa machache na ya upole, lakini mfalme aliyaona kuwa uasi. Kijana alikemewa vikali akatakiwa asirudie tena. Naye akatii. Kwa takriban robo karne iliyofuata, mrithi huyu wa kiti aliishi kama mgeni katika siasa za nchi yake mwenyewe. Alitumwa vitani na kwenye sherehe, lakini penye kukata shauri hakuitwa.

Vitani alisifika. Mwaka wa 1866 jeshi lake lilifika kwa wakati katika uwanja wa Königgrätz, likasaidia kuishinda Austria. Miaka ya 1870 na 1871 aliongoza jeshi jingine dhidi ya Ufaransa. Hata hivyo, hakupenda vita, na wala hakuficha. Mwaka wa 1880, chuki dhidi ya Wayahudi ilipokuwa ikichochewa mjini Berlin, alihudhuria ibada katika sinagogi akiwa amevaa sare za kijeshi, ili kila mwenye macho aone yuko upande gani. Aliyekatazwa kusema kwa kinywa alijifunza kusema kwa mavazi na kwa hatua zake.

Maradhi ya koo hayakuwa mageni katika jamaa yake. Mwishoni mwa mwaka wa 1878 ugonjwa wa dondakoo uliingia katika nyumba ya Alice, mdogo wa mkewe, katika jimbo la Hesse, ukamuua mtoto wake mdogo na kisha Alice mwenyewe. Machi 1879 ulimchukua Waldemar, mwana wa Friedrich, aliyekuwa na umri wa miaka 11. Dondakoo huotesha utando mzito kooni, na utando huo ukifika kwenye kongomeo huziba njia ya pumzi. Katika zama hizo daktari hakuwa na dawa ya kutibu ugonjwa wenyewe. Pumzi ilipozibwa, aliweza tu kulitoboa koo kutoka nje na kutia mrija. Mwaka wa 1890 ndipo Emil von Behring na wenzake walipotangaza, papo hapo Berlin, njia ya kuikabili sumu ya dondakoo. Leo mtoto mchanga hukingwa kwa sindano. Ikulu zenye madaktari bingwa hazikuwa na kinga ambayo leo mama wa kijijini huipata kliniki, na hilo latosha kuwajibu wanaoibeza chanjo.

Kabla sijaendelea na masaibu ya Friedrich mwenyewe, hebu msomaji aweke kidole juu ya kongomeo lake, kile kifundo cha kooni, kisha atamke sauti ya z kwa mfululizo na baadaye sauti ya s. Katika z atahisi mtetemo, na katika s hatahisi kitu. Mtetemo huo ni wa nyuzi za sauti, mikunjo miwili midogo ya nyama iliyolala ndani ya kongomeo. Pumzi ikitoka mapafuni huipitia katikati yake, nayo hugongana na kuachana kwa kasi ya ajabu. Kwa mwanamume ni yapata mara 100 kwa sekunde, na kwa mwanamke yapata mara 200. Ndiyo maana sauti kama z tunaziita ghuna, na zile kama s tunaziita sighuna. Mwalimu wa kiume akighuna kwa jumla ya saa moja kwa siku, nyuzi zake zimegongana mara 360,000.

Chombo kinachofanya kazi kubwa namna hiyo hakiwezi kuvumilia hitilafu. Kijiuvimbe kidogo mno kikiota kwenye ukingo wa uzi mmoja, nyuzi hazikutani sawasawa, pumzi huvuja, na mtu hupwewa na sauti. Kwa hiyo, ugonjwa unaoanzia kwenye nyuzi za sauti una heri moja ambayo maradhi mengine ya ndani hayana: hujitangaza mapema. Mtu anaweza kuwa na uvimbe tumboni kwa miezi mingi asijue. Uvimbe wa kwenye nyuzi za sauti husikika katika kila sentensi anayoitamka.

Wa Friedrich ulijitangaza Januari 1887. Sauti yake ilianza kukwaruza, watu wakadhani ni mafua. Alikuwa na umri wa miaka 55, tena mvutaji wa tumbaku. Majuma yalipita bila nafuu, na Machi mwaka huo akachunguzwa na Profesa Gerhardt wa Berlin kwa kutumia kioo kidogo chenye mpini kinachoingizwa kinywani. Inafaa tukumbuke asili ya uchunguzi huo. Aliyeyaona kongomeo na nyuzi za sauti zikifanya kazi ndani ya mtu aliye hai, na kuwaeleza wanasayansi alichokiona, alikuwa mwalimu wa uimbaji. Manuel García, Mhispania aliyefundisha London, alichukua kioo cha daktari wa meno mwaka wa 1854, akakielekeza kwenye mwanga wa jua, akazitazama nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata matokeo yake yalisomwa mbele ya wanasayansi wa Uingereza. Ajabu ni kwamba alikuwa akitafuta namna ya kufundisha vyema, na udaktari ukapata jicho jipya.

Katika kioo hicho Gerhardt aliona uvimbe kwenye uzi wa kushoto. Alijaribu kuuondoa, akauchoma kwa waya wa moto siku baada ya siku. Uvimbe uliota upya. Mei 1887 daktari wa upasuaji Ernst von Bergmann alishuku saratani, akapendekeza koo lipasuliwe na uvimbe uondolewe kabla haujaenea. Bismarck aliandika baadaye katika kumbukumbu zake kwamba madaktari walikuwa tayari kumpasua mgonjwa bila ya kumweleza wanakusudia kufanya nini, na kwamba mfalme mzee, baada ya kuarifiwa, aliwakataza wasithubutu bila ya idhini ya mwanawe. Ikiwa ndivyo, basi hapo tunaona jinsi mwenye koo alivyokuwa wa mwisho kuulizwa habari za koo lake.

Ndipo alipoitwa Morell Mackenzie kutoka London, mtaalamu wa koo aliyekuwa na jina kubwa kuliko wenzake wote barani Ulaya. Mackenzie alisema kwamba upasuaji wa hatari kiasi kile haufai kufanywa kabla ya ushahidi kupatikana. Alikata kipande kidogo cha uvimbe, kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, bingwa wa kuchunguza nyama za mwili kwa hadubini. Virchow hakuona saratani katika kipande kile, wala katika vile vilivyofuata. Upasuaji uliahirishwa. Juni 1887 Friedrich alipita katika barabara za London juu ya farasi, amevaa sare nyeupe, katika sherehe za miaka 50 ya utawala wa mama mkwe wake. Waliomtazama waliona jabali la mtu. Septemba ya mwaka huo Mackenzie alipewa heshima ya kuitwa Sir.

Je, Mackenzie alikosea? Msomaji asifanye haraka ya kuhukumu. Upasuaji wa koo ulikuwa bado mchanga. Theodor Billroth wa Vienna alikuwa amelitoa kongomeo zima la mgonjwa wa saratani kwa mara ya kwanza mwaka wa 1873, na mgonjwa yule hakufikisha hata mwaka mmoja. Kudai ushahidi kabla ya kisu ni kanuni ambayo udaktari wa leo unaifuata. Kosa lilikuwa mahali pengine. Kipande kidogo kilichokatwa juu juu hueleza habari za kipande chenyewe tu. Hakiwezi kuuapia uvimbe wote. Kutoiona saratani kulichukuliwa kuwa ni kuthibitisha kwamba haipo, na walioshikilia hivyo walikuwa na sababu zao za kutaka iwe hivyo. Waingereza na wapenda katiba walimtaka Friedrich apone. Madaktari wa Kijerumani waliona fahari yao imekanyagwa na mgeni. Mjadala wa kitabibu uligeuka kuwa mjadala wa mataifa, na mgonjwa akawa bendera inayovutwa na pande mbili.

Novemba 1887, Friedrich akiwa San Remo katika pwani ya Italia, uvimbe mpya ulionekana. Safari hii Mackenzie naye alikubali kwamba dalili zake ni za saratani. Friedrich aliambiwa ukweli akapewa njia mbili: kongomeo lote litolewe, jambo ambalo huenda lingemuua mara moja, au asubiri, na pumzi ikizibwa atobolewe koo. Alichagua kusubiri. Tarehe 9 Februari 1888 pumzi ilikuwa imembana mno, na daktari kijana aitwaye Bramann, msaidizi wa Bergmann, akamtoboa koo chini ya kongomeo na kumtia mrija. Tangu siku hiyo pumzi ilitokea chini ya nyuzi za sauti bila ya kuzigusa. Na pasipo pumzi ya kuzitikisa, nyuzi hazina mlio. Huo ndio ukawa unyamavu wake wa pili.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Machi 1888, baba yake alifariki akiwa na umri wa miaka 90. Mrithi aliyengoja tangu ujana alisafiri kutoka San Remo hadi Berlin katikati ya baridi kali, akaingia ikulu akiwa Kaizari asiye na sauti. Aliandika kila alichotaka kusema kwenye vijikaratasi. Mawaziri walisimama mbele yake wakisema kwa vinywa, naye akiwajibu kwa penseli. Wapo waliomfanya kama aliyekwisha kufa, wakaanza kumgeukia mwanawe Wilhelm, kijana mwenye kiburi aliyekuwa akiishabikia siasa ya Bismarck.

Hata mwambao wetu una alama ya majuma hayo. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia sahihi mkataba ulioikabidhi kampuni ya Kijerumani usimamizi wa pwani kutoka mto Umba hadi mto Ruvuma. Sidai kwamba mgonjwa wa Berlin ndiye aliyeupanga, kwani ulikuwa mradi wa kampuni. Lakini mambo yalifanyika kwa jina la dola ambayo kiongozi wake hakuweza kupaza sauti, na kabla ya mwaka kwisha Abushiri bin Salim alikuwa ameongoza watu wa Pangani na kwingineko kuupinga mkataba huo kwa silaha.

Hata hivyo, Friedrich hakuwa mfu. Tarehe 8 Juni 1888, zikiwa zimebaki siku saba tu afe, alimwachisha kazi Robert von Puttkamer, waziri wa mambo ya ndani aliyejulikana kwa kuingilia uchaguzi ili kuwanufaisha wahafidhina. Uamuzi huo haukuhitaji kongomeo. Ulihitaji akili timamu, kalamu na ujasiri. Mtu aliyenyamazishwa mwaka wa 1863 kwa kuyatetea magazeti alitumia nguvu zake za mwisho kuutetea uchaguzi. Alifariki tarehe 15 Juni 1888 huko Potsdam, katika jumba lile lile alimozaliwa. Maiti yake ilipochunguzwa, saratani ya kongomeo ilithibitishwa. Mwanawe alirithi kiti akatawala hadi mwaka wa 1918, Ujerumani iliposhindwa katika Vita Vikuu.

Madaktari waliendelea kugombana juu ya kaburi. Wajerumani walichapisha ripoti ya kumlaumu Mackenzie, naye akajibu kwa kitabu kizima mwaka ule ule, akizianika siri za mgonjwa wake. Chuo cha wapasuaji cha Uingereza kikamkaripia. Wahenga walisema kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa fahali walikuwa wengi, na nyasi ilikuwa koo la mtu mmoja.

Wako wanaopenda kudai kwamba Friedrich angaliishi, Ulaya isingalipigana mwaka wa 1914. Sina imani na historia ya angali. Ninachokiona ni mambo mawili yaliyo wazi, na yote mawili yanatuhusu hapa kwetu.

La kwanza ni kwamba sauti ni chombo, na chombo hukaguliwa. Katika shule zetu kupwewa na sauti kumefanywa kuwa alama ya bidii. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 darasani hupaza sauti kutoka Jumatatu, Ijumaa hunong'ona, akanywa tangawizi na asali, na Jumatatu akaanza upya. Mara nyingi ni uchovu wa nyuzi au vinundu visivyo vya hatari, na mapumziko, maji na mazoezi ya kutumia sauti huvitibu. Lakini sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya majuma matatu haifai kutibiwa kwa kukisia. Ipelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, ikatazamwe. Uchunguzi huo huchukua dakika chache tu. Saratani ya nyuzi za sauti ikigunduliwa ingali changa, wengi sana hupona kwa miale au kwa upasuaji mdogo, na wengi wao hubaki na sauti yao. Anayevuta sigara asingoje hata kidogo. Na mwanafunzi ambaye sauti yake imekwaruza tangu utotoni asichekwe wala kupewa jina la utani, kwani huenda ana vijiuvimbe vinavyoziba njia ya pumzi polepole. Mtoto anayekoroma kwa kila pumzi anayoivuta ilhali yu macho apelekwe hospitali siku iyo hiyo.

La pili ni kwamba sauti si mtu. Nasi tulio katika isimu tunapaswa kulisema hili bila kuchoka. Lugha haikai kooni. Koo ni mlango mmojawapo tu ambao lugha hutokea. Viziwi huizungumza kwa mikono, mwandishi huitoa kwa kalamu, na waliotolewa kongomeo hufundishwa siku hizi kuzungumza kwa pumzi inayopitishwa kwenye umio, au kwa kifaa kidogo kinachotetemesha shingo kutoka nje. Pamoja na hayo, jamii yetu humtazama asiyeweza kutamka kana kwamba hana la kusema. Mwanafunzi mwenye kigugumizi harukwi tu katika kusoma kwa sauti, bali hurukwa pia katika kufikiriwa. Mgonjwa aliyetiwa mrija kooni huulizwa habari zake kupitia kwa jamaa waliosimama kando ya kitanda, hali yeye mwenyewe anasikia kila neno na kalamu anaiweza.

Mawaziri wa Berlin walifanya kosa hilo hilo. Walidhani kwamba kwa kuwa hawamsikii Kaizari, basi Kaizari hayupo. Puttkamer alipoisoma karatasi ya kumwachisha kazi ndipo alipojua kwamba yupo.